Mtihani wa Mkalimani Uko Masikioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache juu ya ukalimani wa Kiingereza na namna ya kujitayarisha kwa mtihani wake, hasa zile sehemu mbili ambazo watu wengi huzidharau, yaani kusikiliza na kusoma. Mimi si mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya njia ya reli, kukaza parafujo na kubadili mataruma. Lakini jambo hili limenigusa mwenyewe, tena nadhani linawahusu wanachama wengi kuliko wanavyofikiri.

Katika kila genge na kila karakana yuko mtu mmoja ambaye wenzake humwita barua ya Kiingereza inapoletwa, au mwenzao anapotakiwa ofisini kujieleza. Hana cheo cha mkalimani wala halipwi senti moja kwa kazi hiyo. Amechaguliwa kwa sababu husema Kiingereza bila kusitasita. Kati ya watu wa namna hii wako vijana ambao wangependa kufanya mtihani wa kweli wapate cheti, na wengine wamekuja kuniuliza waanzie wapi. Wao hutaka kuanza na mdomo: wajifunze maneno makubwa, waseme upesi, waige sauti ya Mwingereza. Mimi nasema huko ni kuanza nyumba kwa paa. Mkalimani huanguka kwa masikio na macho, na mdomo hufuata tu. Nasema hivi kwa kuwa nilianguka mimi, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

Yapata miaka zaidi ya 10 sasa, kabla sijaingia kazi ya reli, nilikuwa kibarua wa kampuni moja ambayo jina lake silitaji. Mwenzangu mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa mlinzi wa lango la ghala. Usiku mmoja vitu vikapotea. Akaitwa mbele ya wakubwa, nami nikaitwa niwe mkalimani wake, maana yeye Kiingereza alikuwa hakijui. Swali likatolewa: "You did not leave the gate that night?" Nikamfasiria sawasawa kabisa: "Hukuondoka langoni usiku ule?" Naye akajibu kama ajibuvyo kila mtu wa kwetu akiulizwa hivyo: "Ndiyo, bwana." Yaani ni kweli, sikuondoka. Mimi nikageuka nikasema, "Yes, sir."

Ndugu zangu, tazameni jambo dogo linavyoweza kuwa kubwa. Katika Kiswahili "ndiyo" hukubali maneno ya muulizaji kama alivyoyasema. Katika Kiingereza "yes" hufuata tendo lenyewe. Ukiulizwa kama hukuondoka, nawe ukajibu "yes" peke yake, Mwingereza aweza kusikia kwamba uliondoka. Kama hukuondoka, jibu ni "no". Basi karani akaandika alivyosikia.

Kisha zikaletwa karatasi za kikao ili zitiwe sahihi, nikapewa mimi nizisome kwanza nimweleze. Palikuwa na mstari uliosema kwamba mfanyakazi "answered in the affirmative". Neno hilo la mwisho nilikuwa silijui, lakini nikaona linafanana na "firm", nikadhani amesifiwa kwamba amejibu kwa uthabiti. Nikamwambia, "Ni sawa, tia kidole." Akatia kidole gumba. Kumbe maana ya maneno yale ni kwamba amejibu ndiyo, amekubali kosa. Juma lililofuata akaachishwa kazi.

Sikujua nililofanya mpaka baada ya miaka mitatu. Nilipojua nilipanda basi nikaenda kwao Taita nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wewe hukujua Kiingereza, na mimi sikujua kwamba hukijui." Halafu akamwita mtoto aniletee uji.

Nililijuaje kosa hilo? Nilikuwa nimepata kazi kwenye ujenzi wa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Huko walikuwapo wakalimani vijana kutoka Uchina. Mmoja wao alikuwa mtu wa Shanghai, na katika sanduku lake alikuwa na kitabu cha mazoezi ya mtihani wa juu wa ukalimani wa Kiingereza, mtihani ulioanzishwa katika mji huo miaka ya 1990. Jioni tulikuwa tukikaa pamoja, mimi nikimfundisha Kiswahili, yeye akinifungulia kitabu chake. Palipotakiwa Kichina mimi niliweka Kiswahili, na mambo yakaenda. Jioni moja tulifika kwenye maswali yenye "not" ndani yake, akanieleza kwamba Kichina nacho hujibu kama Kiswahili, na kwamba mwalimu wake alikuwa amewaonya juu ya jambo hilo hilo. Sikumjibu kitu. Nilikwenda kulala bila kula.

Sasa nieleze mtihani wenyewe, kama ulivyokuwa katika kitabu kile. Kabla mtahiniwa hajaitwa kusema neno hata moja mbele ya watahini, hufanya kwanza mtihani wa kuandika wa saa tatu. Sehemu zake ni sita, kila moja dakika 30 na alama 50, jumla alama 300, na lazima apate 180 ndipo aendelee. Kati ya sehemu hizo sita, mbili ni za kusikiliza, mbili za kusoma na mbili za kufasiri kwa maandishi. Piga hesabu mwenyewe: alama 200 kati ya 300 ziko masikioni na machoni. Asiyezipata, mdomo wake hakuna atakayeusikiliza. Waliopanga hivyo hawakuwa wajinga.

Kusikiliza kwa kwanza ni hivi. Mtahiniwa ana karatasi yenye habari fulani, lakini ndani yake mna nafasi tupu 20, na kila nafasi yataka maneno kadhaa. Habari ile husomwa mara moja tu kwa mwendo wa kawaida, naye ajaze. Baada ya hapo husikia mazungumzo na habari nyingine na kuchagua majibu 20. Kusikiliza kwa pili ni kugumu zaidi. Husomwa hotuba, mara moja vile vile, naye huandika muhtasari wake kwenye karatasi tupu. Karatasi ya maswali hapewi mpaka hotuba imekwisha. Kwa hiyo hajui ataulizwa nini, hana budi kushika yote yenye maana. Mwisho husikia sentensi tano, kisha vifungu viwili virefu zaidi, na kuviandika katika lugha yake.

Mara ya kwanza nilipojaribu zile nafasi tupu nilipata 4 kati ya 20. Niliona haya, kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa nikikariri kamusi, maneno 20 kila siku, na nilijiona nimekwisha kuwa bwana mkubwa wa Kiingereza. Maneno niliyoyakosa karibu yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kwa macho, lakini sikio lilikuwa halijapata kukutana nayo. Mtu aliyefundishwa Kiingereza ubaoni husikia maneno yakiwa yametengana, kama mabehewa yaliyosimama uwanjani kila moja peke yake. Msemaji halisi huyafunga pamoja na kuondoka nayo, na katikati ya neno na neno hapana nafasi ya kuchungulia.

Basi dawa yake ni nini? Kwanza, sikiliza mara moja. Nimewaona vijana wakipiga habari moja katika simu mara tano au sita, kisha wanafurahi kwamba wameelewa yote. Hapo wamefanya mtihani wa kumbukumbu. Mtu aliye mbele yako kikaoni hatarudia mara sita. Mimi nilitumia habari za redio ya KBC, kwa sababu hutangazwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Husikiliza za Kiingereza kwanza, naandika nilichokishika, kisha nasikiliza za Kiswahili nione nimepotea wapi. Ukitaka kurudia kwa simu rudia, lakini baada ya kuandika, na kwa kujisahihisha tu. Dakika 15 kila siku zinatosha, mradi zisikose. Wanaosikiliza saa tano Jumapili na kunyamaza siku sita sijaona faida yao.

Pili, jifunze kuachilia. Neno likikupita liache, kama treni iliyokwisha ondoka stesheni. Ukilikimbilia utakosa na lile linalofuata. Katika nafasi tupu andika herufi mbili tatu za kila neno, endelea na msemaji, na umalizie maneno yenyewe akiisha kunyamaza. Mimi jambo hili lilinichukua miezi miwili, maana shuleni tulifundishwa kwamba kuacha neno nusu ni uvivu.

Tatu, hesabu. Hapa ndipo wengi wanapozama. Katika Kiswahili hakuna anayeweza kuchanganya kumi na tano na hamsini, kwa hiyo sikio letu halikuzoea kulinda mpaka huo. Katika Kiingereza "fifteen" na "fifty" ni ndugu wa tumbo moja. Msemaji hukaza sauti mwishoni mwa neno la kwanza na mwanzoni mwa neno la pili, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti pekee utakayoipata. Fikirini tofauti hiyo katika mwendo wa treni, au katika siku za likizo. Mwombe mwenzako akusomee namba 30 upesi upesi, uziandike, kila siku. Yule rafiki yangu wa Shanghai naye alikuwa na taabu yake, maana Kichina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi kumi, hata milioni moja kwao ni mia moja za mafungu hayo. Alikuwa akisikia "million" anasimama kidogo, macho juu, akihamisha sifuri. Sisi hilo halitusumbui sana. Letu ni saa. Mtu akisema "seven o'clock" ni saa moja, na kila mmoja anajua. Hata hivyo nimemsikia kwa masikio yangu mtu akifasiri kuwa saa saba, na shahidi akaonekana mwongo kwa saa sita nzima.

Nne, zoea sauti nyingi. Ukimsikiliza mwalimu mmoja tu utaelewa Kiingereza cha mwalimu huyo. Kazini tutakutana na Kiingereza cha Mhindi, cha Mchina, cha Mskoti, cha Mnigeria, na cha Mkenya mwenzetu kutoka kila pembe. Watu wengine hupendekeza zoezi la kumfuata msemaji kama kivuli, yaani kurudia kila neno nyuma yake papo hapo. Ni zoezi la kuulainisha ulimi. Kwa mtu anayeanza mimi siliamini sana, kwa sababu kasuku naye huliweza, na bado hajui alilosema.

Zoezi ninaloliamini ni la kuandika muhtasari. Mwaka 1956 mkalimani mmoja wa Geneva, Jean-François Rozan, alitoa kitabu kidogo juu ya jambo hili, na mpaka leo walimu wa kazi hiyo wanakitumia. Shauri lake la kwanza ni kwamba mtu aandike wazo, asiandike neno. Tena aandike viungo, yaani zile "lakini", "kwa hiyo", "ijapokuwa", kwa sababu maneno madogo hayo ndiyo yanayoonyesha hotuba inaelekea wapi. Na akasisitiza kukanusha kuonekane wazi kwenye karatasi, kwa kukata neno mstari au kwa kuandika "no" mbele yake. Niliposikia hilo nilikumbuka lile lango la ghala. Kama ningalikuwa na penseli siku ile, nikaandika "ondoka" na kulikata mstari, ningaliona wazi kwamba jibu la Kiingereza ni "no", na ningalimalizia maneno yote: "No, he did not leave." Mkalimani asiache "yes" wala "no" isimame peke yake.

Wala si Kiingereza tu kinachotaka sikio. Mtu akisema baba yake amefariki, naye mwaka jana alipewa ruhusa kwa kufiwa na baba, mkalimani asiyeuliza kwamba huyu ni baba mzazi au baba mdogo atamfanya karani aandike kwamba mtu huyu huzika baba kila mwaka.

Nije kwenye kusoma. Katika kitabu kile kusoma kwa kwanza ni vifungu vinne na maswali 20 ya kuchagua, katika dakika 30. Ni dakika saba na nusu kwa kila kifungu, pamoja na kujibu. Asiyezoea husoma kila neno kwa upole kama asomavyo barua ya mchumba, na kengele humkuta kifungu cha pili. Mimi hutazama maswali kwanza, kisha nasoma kifungu nikijua natafuta nini. Wako wanaosema njia hiyo humfanya mtu asione habari nzima, na pengine wana haki, lakini kwa mtu aliyeanza kusoma kwa taabu kama mimi ilinisaidia. Na jambo moja halina ubishi: jibu liko katika karatasi, haliko kichwani mwako. Habari ikisema juu ya migomo, mwanachama wa chama hukimbilia kujibu anavyoamini yeye. Watahini hawakuuliza hivyo. Wanauliza mwandishi amesema nini.

Kusoma kwa pili kuna maswali 10 ya kujibu kwa maneno yako mwenyewe, nako kuna dakika 30 vile vile. Kwa maoni yangu huu ndio mtihani hasa. Kuchagua herufi mtu aweza kubahatisha, lakini kueleza hawezi. Jizoeze hivi: chukua maoni ya mhariri katika gazeti la Kiingereza, lisome mara moja bila kufungua kamusi, funika, na uandike mistari mitatu ya Kiswahili useme mwandishi anataka nini na kwa sababu gani. Baada ya hapo ndipo ufungue kamusi. Ukianza na kamusi utapata maana 40 za maneno na usipate maana ya habari.

Adui mkubwa katika kusoma si maneno marefu. Marefu hujitangaza, nawe utauliza. Adui ni neno fupi au neno unalodhani unalijua. "Shall" katika mkataba ni lazima. "May" ni hiari, na mtu akifasiri "may pay" kuwa "atalipa" amewapa wenzake ahadi ambayo haikutolewa. "Unless" hugeuza sentensi nzima chini juu. Na yapo maneno yenye nyuso mbili. "Outstanding" ni bora sana, na pia ni deni ambalo halijalipwa. Mtu ameandikiwa kwamba ana "outstanding leave" ya siku 12, msomaji akamwambia kwamba likizo yake imesifiwa. Tulicheka, lakini siku zile 12 zilikuwa zake. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni kosa la kusahau. "Sanction" ni kibali, na pia ni adhabu. Neno kama hilo huwezi kulijua kwa kulikariri, ni lazima utazame maneno yaliyo kandokando yake. Na neno usilolijua kabisa, kama lile "affirmative" langu, usilikisie kwa sura. Sema silijui. Katika chumba cha mtihani kukisia kutakupunguzia alama, lakini nje ya chumba kile kutampunguzia mtu mwingine chakula.

Kwa wanaotafuta vitabu vya mazoezi na hawana fedha, hiki hapa. Katiba ya mwaka 2010 ipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Soma kifungu cha 41 kwa Kiingereza, kile kinachohusu haki za wafanyakazi, waajiri na vyama. Funga, kiandike kwa Kiswahili, kisha ulinganishe na Kiswahili kilichochapwa. Kisha chukua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo pia kifungu cha 41, kwa bahati. Hicho kinasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, uzembe au kutoweza kazi, kwanza amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mahali hapo. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kinataka asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, aelezwe mkataba huo katika lugha anayoielewa. Ni mazoezi mazuri ya kusoma, na ukimaliza umepata kitu.

Ndugu mmoja alinipinga juu ya haya yote. Alisema Katiba katika kifungu cha 7 imekwisha sema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, basi kwa nini mfanyakazi ajitese na masikio ya watu? Tudai karatasi za Kiswahili na vikao vya Kiswahili. Mimi nakubaliana naye kabisa juu ya kudai. Lakini siku tutakapozipata karatasi hizo zitakuwa zimefasiriwa na mtu, na mtu huyo atakuwa amesoma Kiingereza kwanza. Kama amesoma vibaya, tutakuwa na kosa lililoandikwa kwa lugha nzuri. Kisha yuko mwenzetu atakayeitwa ofisini kesho asubuhi, na hawezi kungoja.

Hapa nataka kuwaambia matawi jambo moja waziwazi. Tunamtuma mtu kuwa mkalimani wa shauri la mwenzake kwa sababu tu ni msemaji. Fundi hashiki zana mpya kabla ya kujaribiwa, lakini riziki ya mtu tunampa yeyote. Nashauri mtu wa kazi hiyo ajaribiwe kwanza: asomewe habari ya Kiingereza ya dakika tatu, mara moja, aieleze kwa Kiswahili, kisha apewe ukurasa mmoja wa karatasi za kikao cha zamani, majina yakiwa yamefutwa, auseme wote. Akishindwa si aibu, arudi kujizoeza. Mimi mwenyewe siku ile ningalishindwa, na mwenzangu angalipata mtu mwingine.

Pia wasiende mmoja mmoja. Wakalimani wa mikutano ya dunia wana chama chao, AIIC, tangu mwaka 1953, na desturi yao ni kwamba anayefasiri papo hapo hafanyi kazi peke yake. Huwa wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa au karibu na hapo, maana kichwa huchoka. Ikiwa wenye elimu ya chuo kikuu hupokezana, sisi tuliotoka kupiga nyundo usiku kucha tunajitia nguvu gani? Na katika mashtaka ya Nuremberg huko Ujerumani, mwaka 1945 na 1946, ambako kesi iliendeshwa kwa lugha nne kwa pamoja, mkalimani alikuwa na taa. Ikiwaka ya manjano, msemaji apunguze mwendo. Ikiwaka nyekundu, asimame. Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa maana ya taa hizo. Majaji wa mataifa walisimamishwa kwa taa, lakini sisi tunaogopa kuinua mkono na kusema, "Samahani bwana, sijasikia, tafadhali rudia." Maneno hayo machache ndiyo ya kwanza ambayo ningemfundisha mkalimani wa tawi. Na karatasi za kikao zisitiwe sahihi pale pale. Mwakilishi aombe nakala, zisomwe na mtu wa pili ambaye hakuwamo chumbani.

Yule kijana wa Shanghai alikwisha rudi kwao reli ilipomalizika, akaniachia kitabu chake. Majaribio ya nafasi tupu 20 sasa napata 13, siku nyingine 14. Kusoma kwa pili bado hunitesa. Kila Alhamisi saa ya chakula, mimi na wenzangu wanne hukaa nyuma ya karakana, mmoja akisoma na wengine wakiandika, kisha tunabadilishana. Mwanachama yeyote anakaribishwa, hata kama hajui Kiingereza ila salamu. Aje na daftari na penseli mbili, maana moja huvunjika katikati ya habari, na habari hairudiwi.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Njia